Mahadhi ya Mwambao: Milki au Amana?

Wazee wetu walisema kuwa zumari ikipigwa Unguja, hucheza walioko bara mpaka kwenye maziwa. Walikuwa wakisema habari za utawala na biashara, lakini msemo huo una ukweli mwingine tusioutazama sana, nao ni kuwa sauti haina pasi. Huvuka bahari bila ya nauli, hupanda mlima bila ya mchukuzi, na ikifika haimwambii mwenyeji imetoka kwa nani.

Kwa sababu hiyo umezuka baina yetu ugomvi usiokuwa na faida. Yakisomwa maulidi Tanga, mgeni wa Mombasa husema, "Mahadhi hayo ni yetu, nyinyi mmeyachukua." Mtu wa Unguja huwacheka wote wawili, akasema kuwa wamepokea kwake. Mtu wa Lamu hunyamaza kama mwenye nyumba asiyehitaji kujitambulisha. Naye mtu wa Tanga hukasirika, kwa kuwa mahadhi hayo ameyasikia tangu yumo mgongoni mwa mamake, na haiyumkiniki kwake kuwa ni ya watu wengine. Ugomvi huo huo huingia katika nyimbo za harusi, katika taarabu, katika ngoma, na hata katika nyimbo za kubembelezea watoto.

Ndugu msomaji, makala haya hayakukusudia kumpa mmoja wa hao ushindi. Wala hayakukusudia kuingia katika hukumu ya ala za muziki, kwani huo ni mlango mwingine, na wanavyuoni wametofautiana ndani yake tangu zamani. Tunalotaka kuuliza ni hili: tunaposema "mahadhi haya ni yetu," twadai kitu gani? Ushahidi wetu ni upi? Na katika madai hayo, ni haki ya nani inayopotea?

MDAI NA USHAHIDI WAKE

Sheria yetu tukufu imeweka msingi ulio wazi, uliopokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwa riwaya ya Ibn Abbas, kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Kwa msingi huo makadhi wa pwani walikata kesi za mashamba na minazi. Mtu akisema, "Mnazi huu ni wangu," kadhi humwuliza: Uliupanda? Uliununua? Uliurithi? Ulipewa? Na nani aliyeshuhudia?

Tena hapa Tanga ndipo alipokaa Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, aliyekuwa kadhi, akafariki mwaka 1957. Aliandika kwa Kiswahili kitabu cha mirathi, akaeleza kila mrithi na fungu lake. Watu waliofundishwa kuigawa hata nusu ya nusu ya shamba hawawi na udhuru wa kusema ovyo katika jambo la urithi mwingine.

Haya, na tuyaulize mahadhi maswali hayo hayo ya kadhi. Tuanze na kaswida inayojulikana na kila mtoto wa chuoni, Tala'al Badru. Husimuliwa kuwa watu wa Madina walimpokea nayo Mtume (S.A.W.) alipohama kutoka Makka. Maulamaa wa Hadithi hawakuikubali habari hiyo kwa utamu wake tu. Imamu al-Bayhaqi aliipokea katika kitabu chake. Akaja al-Hafidh al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 Hijria, akaona kuwa sanad yake imekatika. Naye Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alitazama njia yenyewe. Alisema kuwa Thaniyyatul Wadaa iko upande wa Sham, na atokaye Makka hapiti huko. Basi hayo yalikuwa Mtume aliporejea kutoka Tabuk, katika mwaka wa 9. Wako wengine walioendelea kuisimulia kuwa ni habari ya Hijra.

Tazama jinsi watu hawa walivyokuwa waangalifu! Wala hawakuwa wakiichukia kaswida yenyewe. Walitaka tu kila neno lisimame mahali pake, lisipewe nasaba isiyokuwa yake. Na hayo ni katika maneno. Ama mahadhi, hayana hata sanad iliyokatika. Hapana aliyetupokelea kuwa watu wa Madina walipandisha sauti hapa wakaishusha pale. Hata hivyo kila mji una mahadhi yake ya Tala'al Badru, na kila mji huona kuwa yake ndiyo ya asili.

Hali ni hiyo hiyo katika maulidi. Maneno ya Barzanji yana mwenyewe: ni Sayyid Jaafar bin Hasan al-Barzanji, mufti wa Kishafii wa Madina katika karne ya 18. Burda ni ya Imamu al-Busiri wa Misri, wa karne ya 13. Simtud Durar ni ya Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915, na aliyeieneza pwani yetu ni Habib Swaleh wa Lamu, mwenye msikiti wa Riyadha, aliyefariki mwaka 1935. Maneno yote hayo yana mtu, yana mji, yana zama. Lakini mahadhi yanayosomewa Tanga, Pangani na Bagamoyo yalipita mdomoni mwa walimu na wanafunzi, mabaharia na masharifu, na kila mmoja aliacha kitu chake kidogo bila ya kutia sahihi.

JAHAZI NA SHEHENA

Sababu moja ya jambo hili ni maandishi yetu. Waswahili waliandika mashairi yao kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na herufi hizo huhifadhi neno, hazihifadhi sauti ya kuimbia. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, baba yake Sheikh Ali tuliyemtaja, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, vita vilivyopiganwa mwaka 1307 Hijria. Utenzi huo tunao, tunaweza kuusoma ubeti kwa ubeti. Lakini karatasi haisemi alivyousikia mwenyewe masikioni mwake alipokuwa akiutunga. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo naye alieleza ngoma na desturi za pwani katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten mwaka 1903. Ngoma zimetajwa humo, lakini sauti yake haikuweza kushikwa na wino.

Sababu ya pili imo katika kanuni za utungaji wenyewe. Utenzi una mizani nane katika kila kipande. Mizani hiyo ni ile ile Pate, ni ile ile Mvita, ni ile ile Tanga. Kwa hiyo mahadhi yaliyozoewa kusomea utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, huweza kubeba utenzi wa vita vya Wadachi bila ya kupunguza wala kuongeza herufi. Shairi la mizani kumi na sita nalo ni vivyo hivyo. Basi mahadhi ni kama jahazi, na maneno ni shehena. Jahazi lililoleta tende ndilo hilo hilo linalorudi na boriti. Mwenye boriti akisema, "Jahazi ni langu kwa kuwa boriti ni zangu," tutamwambia kuwa amechanganya mambo mawili.

TANGA, NJIA PANDA

Wenye kuujua mji wa Tanga huusifia kwa maneno, "Waja leo waondoka leo." Wengine huyachukulia kuwa ni mzaha, lakini ndani yake imo historia. Tanga imekaa baina ya Mombasa na Unguja, na Pemba iko mkabala wake. Kaskazi ilileta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha. Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya bara. Mwaka 1893 ilianza kujengwa reli kutoka Tanga, ambayo hatimaye ilifika Moshi. Mwaka huo huo miche ya mkonge iliyotoka Florida, michache iliyonusurika njiani, ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba ya mkonge yakaita watu kutoka kila upande wa Tanganyika na nje yake, na kila mtu alikuja na nguo zake, lugha yake na ngoma yake. Jioni, kazi ilipokwisha, watu hao walisikilizana.

Kisha zikaja ngoma za beni, ambazo jina lake lenyewe ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu. Zilianza katika miji ya pwani ya kaskazini, zikaiga tarumbeta, vyeo na miguu ya askari wa Kizungu. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vikaenea Tanganyika pamoja na askari na wachukuzi wa vita vya mwaka 1914. Je, beni ni ya nani? Sauti ya tarumbeta ni ya Ulaya, maneno ni ya Kiswahili, mashindano ni ya mitaa ya pwani yaliyokuwapo kabla ya Mzungu. Ukimpa mmoja yote, umemdhulumu mwingine.

Taarabu nayo husimuliwa kuwa ilipandwa Unguja katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, ambaye alimpeleka mtu Misri kujifunza ala. Chama cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa Unguja mwaka 1905. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaichukua taarabu akaiimba kwa Kiswahili cha watu, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani huko Bombay. Tanga ikapokea. Lakini haikupokea kama kasuku. Vyama vyake vya Black Star na Lucky Star vilitia magitaa na besi, vikachanganya na miendo ya dansi iliyokuwa ikipigwa mjini humo na bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mombasa nayo, ambayo ilikuwa na Juma Bhalo aliyetia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya sinema za Kihindi, ikasikiliza ya Tanga na kuyafuata. Yaani aliyekuwa mwanafunzi amekuwa mwalimu, na mwalimu amekaa kitako kusikiliza.

Ama mpaka wa Kenya na Tanzania, huo asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mdigo wa Vanga na Mdigo wa Tanga walikuwa ndugu kabla ya kalamu hiyo, na ni ndugu mpaka leo. Kumwuliza mmoja wao kama ngoma ya babu yake ni ya Kenya au ya Tanzania ni kumwuliza kama mvua iliyomnyeshea ilikuwa na uraia.

SI SISI PEKE YETU

Pengine msomaji atadhani kuwa maradhi haya ni ya pwani tu. La! Kuna wimbo mmoja unaojulikana Uturuki kwa jina la Üsküdar. Mahadhi yake huimbwa pia na Wagiriki, Waserbia, Wabosnia, Wabulgaria na Waarabu, kila watu kwa lugha yao. Mwaka 2003 Adela Peeva, mtengeneza filamu wa Bulgaria, alitoa filamu ya safari yake katika nchi hizo akiuliza wimbo huo ni wa nani. Kila alikofika aliambiwa, "Ni wetu," na mahali pengine swali lake liliamsha hasira. Kwa wengine ni wimbo wa mapenzi, kwa wengine umekuwa wa dini, kwa wengine wa vita. Watu waliokuwa na kitu kimoja cha kuwaunganisha walikifanya kuwa fimbo ya kupigania.

Afrika Mashariki imetoa mifano iliyo bora kuliko huo. Wimbo wa taifa wa Tanzania tunauimba kwa mahadhi ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni wa Johannesburg, aliyeyatunga mwaka 1897. Hatusemi kuwa tuliyatunga sisi, wala hatuoni haya kuyaimba. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilichukua mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, ambao mama zao huwalazia watoto, ikayafanya wimbo wa taifa, na asili hiyo inatajwa wazi. Wapokomo hawakupungukiwa na kitu kwa nchi nzima kusimama wima kwa ajili ya bembelezi yao. Wametukuka. Hivyo ndivyo kinavyokuwa kitu cha kupokewa kikitajwa kwa jina la mwenyewe.

NENO "JADI" NA HAKI ILIYOZIKWA

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Kama mahadhi mengi hayana mwenyewe anayejulikana, wako watu waliolipata neno hilo wakalifanya panga. Husikia wimbo, wakaupenda, wakauchukua, wakauuza, na wakiulizwa husema, "Aa, huu ni wa jadi tu." Neno jadi ni neno tukufu, lina babu na bibi ndani yake. Lakini limekuwa kaburi la kuzikia haki za watu, na baadhi yao wamezikwa wakiwa hai.

Wimbo wa Malaika umezunguka dunia nzima. Fadhili William wa Kenya aliutia katika sahani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha wakauimba Miriam Makeba na wengi wengineo wa ng'ambo. Adam Salim, mzaliwa wa Tanganyika, alidai kuwa ndiye aliyeutunga katika miaka ya 1940, na Grant Charo wa Kenya naye alidai. Wimbo mmoja una wadai watatu, na dunia ikaendelea kucheza bila ya kujali. Laiti siku ya kwanza angalikuwapo mtu wa kuandika jina, tarehe na mashahidi wawili, ugomvi huo usingalizaliwa.

Mtazame na Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyeimbia vyama vya Tanga na baadaye taarabu ya JKT, Dar es Salaam, akafariki mwezi wa Agosti 2016. Nani pwani hii asiyeijua Macho Yanacheka? Imeimbwa tena na wengine, imepigwa maharusini usiku hata usiku. Lakini waulize vijana wanaoicheza, wengi watakwambia, "Ni wimbo wa zamani." Wa zamani! Kana kwamba zamani ndiyo iliyosimama mbele ya kipaza sauti. Na nyuma ya mwimbaji yuko mtunzi wa maneno, yuko aliyetia mahadhi, wako wapigaji. Hao majina yao hayakumfikia hata mmoja katika mia ya wasikilizaji.

Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, nayo ni jambo jema. Lakini Mwislamu hakungojea mwaka 1999. Katika Suratush Shu'araa, aya ya 183, twamwona Nabii Shuaib (A.S.) akiwakataza watu wake kuwapunguzia watu vitu vyao. Wanavyuoni hawakuufunga ukatazo huo katika pishi na mizani ya sokoni tu. Kila haki ya mtu imo. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alimfananisha mwenye kujionesha kuwa na asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Basi anayesimama jukwaani akasema, "Nimetunga," na hali hakutunga, ajitazame amevaa nini. Na mji unaosema, "Sisi ndio asili," bila ya ushahidi, nao umevaa nguo hizo hizo, tofauti ni ukubwa wa kitambaa.

AMANA

Tusemeje basi? Twasema kuwa mahadhi yako namna tatu. Yako yenye mtunzi anayejulikana: hayo ni haki yake na ya warithi wake, atajwe, aombwe idhini, alipwe. Yako yasiyojulikana mtunzi, lakini inajulikana njia yaliyopita: hayo yatajwe njia yake, yaani mwalimu, mji na kabila. Na yako yaliyopotelewa na mtunzi na njia pia: hayo si milki ya mji wowote, ni amana mikononi mwa kila anayeyasoma. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na wenyewe wa amana hii ni hao wanaokuja nyuma yetu. Mlinzi wa amana ana heshima yake kubwa, wala hahitaji kusema uongo kuwa ni mwenye mali.

Mtu wa Tanga akisema, "Mahadhi haya ni yetu," kwa maana ya kuwa tumeyalinda, tumeyatumia katika furaha na misiba yetu, tumeyafundisha watoto wetu, amesema kweli, wala mtu wa Mombasa hana la kumjibu. Akisema kwa maana ya kuwa ni yetu na si yenu, na aliyenayo mwingine ni mwizi, huyo amedai mnazi asioupanda.

Dawa iko, na si ghali. Mwalimu wa madrasa anapofundisha kaswida, na awaambie wanafunzi, "Mahadhi haya nimeyapokea kwa mwalimu fulani wa Pangani, naye aliyapokea kwa fulani." Vijana wenye simu na wawarekodi bibi zao wa Mkinga, Muheza na Pangani wakiimba, na waandike jina la aliyeimba, mahali na siku, kabla ya kuandika jina la kabila. Katibu wa kikundi cha taarabu na aweke daftari la nani alitunga maneno na nani alitia mahadhi. Wazee wetu walifanya hivyo katika Hadithi kwa kutumia kumbukumbu na kalamu ya mwanzi. Sisi tunashindwa na nini?

Tena kielelezo tunacho mjini mwetu wenyewe. Sheikh Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akafariki mwaka 1962, alikuwa na mengi ya kujisifia yeye na kwao. Lakini alishika kalamu akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyetoka katika ufukara wa Fumba, ili jina lake lisije likamezwa na sahani zake. Hakuona kuwa kumpa Mwunguja haki yake ni kuipunguzia Tanga. Kwa ajili ya kalamu hiyo leo hapana anayesema kuwa nyimbo za Siti ni za zamani tu, zina Siti.

Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Na shukrani ya kwanza kwa mwenye kutupa kitu ni kumtaja jina. Wahenga nao walisema, Mgala muuwe na haki yake mpe. Ikiwa haki ya adui haizuiliki, seuze ya jirani aliyetufundisha kuimba!

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kufikisha amana, atusamehe tuliowasahau, na awarehemu waliotuachia sauti hizi, tunaowajua kwa majina na wale anaowajua Yeye peke Yake. Amin.